Kabla ya Bei ya Mashine, Uliza Bei ya Visu

Ubao ulitoka nyumbani ukiwa na unene wa milimita 28. Nilikuwa nimeupima mwenyewe kwa rula ya chuma, ncha zote mbili na katikati, kwa sababu mninga si mbao ya kuchezea. Ulisafiri kutoka Tabora, nikaununua kwa kubembeleza, nikaulaza uvunguni mwa kitanda miezi minne ukauke taratibu, mke wangu akivumilia. Uliporudi kutoka kwenye mashine ya kuranda mbao kule Keko, Dar es Salaam, ncha moja ilikuwa na milimita 19 na nyingine 17. Tena juu yake kulikuwa na matuta mawili membamba, yamekwenda sambamba kama reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale visu vilipokuwa na mapengo, mbao haikukatwa, ikabaki imeinuka.

Sikumlaumu sana kijana wa mashine. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wamekuja na mbao za paini za kutengenezea vitanda, na kwake mbao ni mbao. Anazungusha gurudumu, anasukuma, anazungusha tena, anasukuma, mpaka uso ulainike. Visu vyake vilishakutana na msumari wa mtu mwingine, na hawezi kusimamisha kazi avibadili kwa ajili ya ubao mmoja wa mtu anayefanya useremala wikiendi. Nililipa, nikaupakia ubao kwenye bajaji pamoja na hasira zangu, na kabla hatujafika Tabata nilikuwa nimeshaamua kununua randa ya unene ya kwangu.

Ilinichukua karibu miaka miwili, transfoma moja iliyoungua, na mashine moja niliyoiuza roho ikiniuma. Tangu hapo watu kadhaa wamenipigia kuuliza wanunue ipi. Nimechoka kueleza kwa simu.

Kwa asiyeijua, randa ya unene ni ile mashine ambayo ubao unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Chini kuna kitanda cha chuma. Juu yake kuna ngoma inayozunguka kwa kasi, imefungwa visu viwili au vitatu. Mbele na nyuma ya ngoma kuna roli zinazoushika ubao na kuuvuta. Umbali kati ya kitanda na makali ya visu ndio unene utakaopata. Mafundi wengi husema thiknesa, nawe ukifika dukani useme hivyo, maana ukisema "randa ya umeme" tu utapewa ile ya mkono yenye mpini. Nayo niliwahi kuinunua nikidhani nimemaliza tatizo. Inafaa sana kwa mlango uliovimba wakati wa masika. Kwenye ubao mpana inakuachia ngazi.

Kabla sijatoa hela nilikwenda kumwona mzee mmoja wa Keko, seremala tangu sijazaliwa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi lake, redio pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwamba natafuta mashine ya kunyooshea mbao.

"Kunyoosha?"

"Ndiyo, mzee. Thiknesa."

Hakunijibu. Aliinama, akachomoa kipande cha mbao kilichopinda kama upinde, akakilaza mezani mgongo juu. Katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Akaweka viganja vyake viwili juu, akakandamiza. Nafasi ikapotea.

"Sasa kimenyooka?"

"Kimenyooka."

Akaondoa mikono. Kipande kikarudi kwenye upinde wake.

"Roli zinafanya hivi hivi, mwanangu. Zinakandamiza, visu vinakata, zinaachia. Utapata ubao uliopinda vilevile, ila sasa umepinda kwa unene ulio sawa."

Somo lile halikufika hata dakika moja, na ndilo lililoniokoa na majuto makubwa kuliko yote. Watu wengi hununua randa ya unene wakitarajia kazi ambayo haiwezi. Yenyewe inanakili tu. Uso uliolala kitandani ukiwa bapa, uso wa juu utatoka bapa na sambamba nao. Wa chini ukiwa umejisokota, utapata msokoto uliolainishwa vizuri, unaong'aa.

Kazi ya kunyoosha uso wa kwanza ni ya mashine nyingine, randa ya uso, ambayo visu vyake viko chini na wewe mwenyewe unausukuma ubao juu ya meza. Karakana kubwa zina zote mbili, na ziko mashine zilizounganisha kazi hizo mbili katika mwili mmoja. Mimi kwenye banda langu, ambalo zamani lilikuwa la gari kabla gari halijauzwa, sina nafasi ya vyote hivyo. Ubao mfupi naunyoosha kwa randa ya mkono ya kawaida, ile ya kutoa jasho. Uso hauhitaji kuwa laini, unachohitaji ni kutocheza ukilazwa mezani. Ubao mrefu naupandisha kwenye kibebeo: kipande cha plaiwudi nene iliyonyooka, ubao juu yake, na kila penye nafasi chini ya ubao nachomeka kabari nyembamba na kuishika kwa gundi ya moto. Ncha zote mbili nagonga vijiti vifupi kuliko unene wa ubao, usije ukateleza. Vyote vinapita mashineni kwa pamoja. Kabari zinaizuia mikono ya yule mzee, nikisema kwa lugha yake: roli zinakandamiza lakini upinde hauna pa kwenda. Uso wa juu ukishatoka bapa, naubandua ubao, naugeuza, na kuanzia hapo unapita bila kibebeo.

Inachosha, sikatai. Lakini ndiyo tofauti kati ya meza inayokaa kwa miguu minne na ile inayowekewa kadi ya vocha chini ya mguu mmoja.

Na mbao zetu zinahitaji uvumilivu huo kuliko zile unazoziona kwenye video za Wamarekani. Paini inayoshuka Dar kutoka Mafinga, nyingi imepasuliwa na zile mashine ndogo za huko msituni wanazoziita dingdong. Ubao wa inchi moja unaweza kuwa na milimita 22 hapa na 29 pale, utadhani aliyekuwa anapasua alipiga chafya katikati. Halafu mara nyingi zinauzwa zikiwa bado na maji. Ukiuranda ubao mbichi leo ukapata milimita 20 safi, subiri wiki mbili: utakuwa umebinuka kama mtumbwi. Nikinunua, nazipanga bandani kwa vijiti katikati ili upepo upite, naziacha kwanza. Nikianza kuranda natoa kiasi kinacholingana pande zote mbili, nabakiza kama milimita 2 za ziada, nazipumzisha siku kadhaa zimalize kupindapinda, ndipo napitisha mara ya mwisho.

Sasa mashine yenyewe. Nitaanza na niliyokosea.

Binamu yangu anayeishi Texas alikuwa anapakia kontena la vitu vya nyumbani, akaniuliza kama nataka kitu. Huko mashine za namna hii ziko kila mahali, watu huzinunua, huzitumia mwaka mmoja, huziuza kwa bei ya kutupa. Akanitumia moja nzuri sana, visu vitatu, kasi mbili, uzito kama kilo 40. Niliipokea kwa furaha ya mtoto mwenye nguo ya Idi. Kibao chake kilisomeka volti 120, ampea 15. Sisi umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo transfoma ya kushushia ilikuwa lazima.

Hesabu ni ya darasa la sita: 120 mara 15 ni wati 1,800. Transfoma niliyonunua ilikuwa ya wati 1,000. Muuzaji aliniapia kwamba inabeba hata friji. Friji ndiyo, randa hapana. Ubao wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, kwenye wa tatu nikaanza kusikia harufu ya vanishi inayoungua, harufu ambayo aliyewahi kuunguza mota haisahau. Mashine ilipona. Transfoma niliizika nyuma ya nyumba kama kuku wa kideri.

Nikanunua ya wati 3,000, nzito hata kuihamisha ni kazi ya watu wawili. Ilifanya kazi. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya. Transfoma inabadili volti, haibadili idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni 60, sisi 50. Kwa mota yenye brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ambayo ndiyo iliyomo kwenye karibu randa zote ndogo za kubebeka, haina shida. Lakini ukiletewa mashine kubwa ya Marekani yenye mota isiyo na brashi, ile inayonguruma taratibu, kasi yake itapungua kwa sehemu moja ya sita: iliyotakiwa kwenda mizunguko kama 3,450 kwa dakika itakwenda kama 2,875, na inaweza kupata joto kuliko kawaida. Hiyo iache huko huko iliko.

Ya volti 230 yenye wati 1,800 inakula kama ampea 8, na soketi yetu ya kawaida ya ampea 13 inaibeba bila kulalamika. Tatizo huwa ni waya wa kuunganishia. Ule mwembamba mweupe wa kuwashia taa za sherehe utapata joto na kuila mashine nguvu yake. Tumia wenye waya za milimita 2.5 za mraba, mfupi kadiri inavyowezekana, na uukunjue wote, usiuache umejiviringa kwenye gurudumu lake. Jioni, watu wote wanapowasha majiko na feni, umeme wa mtaani kwetu unashuka, na nausikia kwenye sauti ya mashine: inaanza kama nyuki, inaishia kama ng'ombe. Kwa hiyo naranda asubuhi. Gharama ya luku isikutishe. Saa nzima ya kuranda bila kupumzika, jambo ambalo hakuna anayelifanya nyumbani, haifiki uniti mbili.

Basi nilikuwa na mashine nzuri na transfoma ya kutosha. Kwa nini niliiuza?

Visu. Vile vya mashine ile ni vyembamba, vina makali pande mbili. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa. Vimetobolewa matundu ya kushikia ambayo yako mahali pake na si pengine popote. Nilivitafuta Dar nzima. Nilipeleka kimoja kama sampuli kwa fundi wa kunoa, akakigeuzageuza, akanirudishia: "Hiki kaka ni kama wembe, hakinolewi." Ikabidi kila seti isafiri kwenye begi la mtu kutoka Marekani, na watu huja kwa mambo yao. Mashine yangu ikawa inategemea misiba na harusi. Mjomba akija kuzika, visu vinakuja. Kuna kipindi nilikaa miezi mitano sirandi kitu, familia nzima ina afya njema na hakuna anayeoa.

Ndipo nikaelewa kwamba nilianza kununua kutoka mwisho. Mashine unainunua mara moja. Visu unavinunua maisha yako yote.

Na mbao za kwetu zinakula visu. Mvule, pamoja na uzuri wake wote, huficha mawe tumboni. Si maneno ya kishairi: mti ule hukusanya chokaa ndani ya shina, na chokaa hiyo huganda ikawa kokoto ngumu zisizoonekana kwa nje. Kisu kikigonga moja kinapata pengo pale pale. Mtiki, ule wa Longuza au wa Kilombero, una silika, chembechembe kama za mchanga, haiachi pengo ila inamaliza makali kimyakimya. Unashangaa tu mbao zimeanza kutoka na manyoya. Mkongo ni mzito na mgumu. Mninga wenyewe ni mpole, lakini nyuzi zake zimepishana, zinaelekea huku na huku, na kisu butu kinazinyofoa badala ya kuzikata. Ongeza misumari ya mbao za kubomolea nyumba, ongeza mchanga wa mbao zilizoburutwa chini sokoni. Mimi kabla ya kuranda napiga ubao brashi ya waya, kisha napitisha sumaku niliyoichomoa kwenye spika mbovu. Imeshaniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Safari hii nikaenda Kariakoo bila kuangalia mashine hata moja. Niliingia duka baada ya duka upande wa Gerezani na swali moja: una visu vya thiknesa ya inchi 12? Wengi walinionyesha mashine. "Visu vipo ndani yake, bosi." Na vikiisha? "Vikiisha utakuja." Nikija vitakuwepo? Hapo macho yanakwenda kwenye simu.

Duka kama la tisa hivi, kijibanda chenye upana wa mlango, alikuwamo mzee wa makamo na miwani imefungwa kwa uzi. Hakusema kitu. Aliingiza mkono chini ya kaunta, akatoa kifurushi cha karatasi yenye mafuta, akakifungua juu ya gazeti. Visu viwili vinene, vya kunoleka, makali upande mmoja. Nyuma yake rafuni nikaona vifurushi vingine vitano au sita vya aina hiyo hiyo. Nikamwambia nichukue seti mbili.

"Mashine yako ni ipi?"

"Bado sina. Niambie hivi vinaingia kwenye ipi, nikaitafute."

Akanitazama juu ya miwani. "Umenunua kamba, ng'ombe yuko wapi?"

Lakini alinielekeza. Mashine niliyoipata ni ya volti 230, visu viwili, upana wa inchi 12 na ushei, si ya jina kubwa. Bei sitaiandika, maana hubadilika kila kontena linaposhushwa bandarini. Kwa ukubwa iko daraja moja na Makita 2012NB, ambayo wenye uwezo wanaweza kuitafuta: upana wa milimita 304, uzito chini ya kilo 30, ngoma yenye mizunguko 8,500 kwa dakika, na roli zinazovuta mita 8.5 kwa dakika. Chukua tarakimu hizo ufanye hesabu ndogo ninayoipenda. Visu viwili mara 8,500 ni mikato 17,000 kwa dakika. Katika dakika hiyo zimepita milimita 8,500 za mbao. Kwa hiyo kila milimita moja inakatwa mara mbili. Hesabu hiyo ifanye kwa kila mashine unayoonyeshwa, kwa sababu inakwambia uso utatokaje kuliko maneno yote ya kwenye boksi. Ngoma yenye visu vitatu na mwendo wa taratibu inaweza kufikisha mikato saba kwa milimita, ukahitaji msasa kidogo sana. Mikato miwili inatosha kwa mimi ninayepiga msasa hata hivyo.

Utaona pia ngoma ambazo hazina visu virefu, zimejaa vipande vidogo vya mraba vilivyopangwa kwa msokoto kama ngazi ya mnara. Kila kipande kina makali manne. Kikipata pengo unakigeuza hicho kimoja tu. Kelele zinapungua na mninga haunyofoki. Ni kitu kizuri kwelikweli, na bei ya ngoma peke yake inaweza kukaribia bei ya mashine ndogo nzima. Mtu anayeranda mvule kila siku anunue. Mimi naitamani tu.

Upana usikusumbue kichwa. Watu huutazama kwanza, nami naona hauna uzito huo. Mbao zinazouzwa Dar nyingi ni inchi moja kwa nane, moja kwa kumi, mara chache moja kwa kumi na mbili. Zote zinapita kwenye inchi 12. Meza pana naigundisha kwa vipande viwili, kila kimoja napitisha peke yake, kisha naviunganisha na kubaki na mstari mmoja wa gundi wa kusafisha kwa mkono. Kumbuka tu kwamba ubao ukiwa mpana lazima upunguze kina. Kijiti cha sentimita 8 nakitoa milimita 2 bila wasiwasi; ubao wa sentimita 28 wa mkongo natoa nusu milimita, nakwenda mara nyingi, mashine haigomi.

Uzito ndio wa kufikiria. Kilo 30 naweza kuishusha sakafuni peke yangu nikimaliza, gari la kuazima likaingia. Zile kilo 40 za mashine ya Texas niliweza mara moja na mgongo ukanikumbusha wiki nzima.

Kung'ata je? Randa hizi zote ndogo hung'ata: zinachimba kidogo zaidi sentimita tano au sita za mwanzo na za mwisho wa ubao, pale ubao unaposhikwa na roli moja tu. Muuzaji atakwambia ya kwake haing'ati. Mtazame usoni tu. Dawa ni kuinua kidogo mkia wa ubao unapoingia na kichwa chake unapotoka, kupitisha mbao zikifuatana bila nafasi katikati, na kukata ubao wako ukiwa na sentimita kumi za ziada kila upande, ukijua utazitupa. Na usipitishe kipande kifupi kuliko sentimita 30. Kikiachwa na roli ya kwanza kabla hakijashikwa na ya pili, kitageuka humo ndani au kitarudi ulikosimama. Usisimame mstari mmoja na ubao, na usiiname kuchungulia tundu linaloingia, hata kama umesikia kitu cha ajabu. Hasa kama umesikia kitu cha ajabu.

Kelele ni nyingi mno. Mota ya brashi inapiga makelele hata bila ubao. Vaa vizibo vya masikio, na upange saa na majirani. Mimi ni Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, nazima adhana ya adhuhuri ikianza, Jumapili siwashi kabisa. Vumbi la mninga na la mvule linawasha, huleta mafua na ngozi ya vipele kwa baadhi ya watu, mimi nikiwa mmoja wao, kwa hiyo barakoa si ya hiari.

Halafu kuna maranda. Hakuna aliyenionya kuhusu wingi wake. Chukua ubao wa sentimita 30 kwa mita 2.4, toa milimita moja tu: umetoa karibu robo tatu ya lita ya mbao ngumu, na ikishakuwa maranda inavimba mara kadhaa. Randa mbao kumi pande zote mbili, milimita tatu tatu, uone. Bila mashine ya kufyonza, banda linajaa hadi magotini, na maranda yaliyobaki ndani hukandamizwa na roli kwenye uso wa ubao yakaacha vidonda. Nimefunga bomba nene la plastiki linalopeleka moja kwa moja kwenye gunia nje. Ya paini anachukua mama jirani anayefuga kuku wa nyama, anayatandaza bandani kwake, na kila baada ya wiki kadhaa naletewa kuku. Ya mninga na mvule sitaki kuku walalie vitu hivyo, nayaweka mbali.

Wapo ambao wasinunue kabisa. Ukitengeneza kitu kimoja au viwili kwa mwaka, endelea kwenda mashineni, ila uwe na adabu za kwenda: nenda asubuhi mapema siku waliyobadili visu, uliza kwanza, peleka ubao uliokwisha kunyooshwa uso mmoja, uuandike kwa chaki unene unaotaka, kisha usimame hapo hapo na rula yako mkononi. Usiende kunywa chai. Mimi siku ya ule mninga wangu nilikwenda kunywa chai.

Mwezi uliopita nilikuwa naranda mvule, nikasikia mlio mfupi, tiki. Nikajua. Ubao ulitoka na tuta jembamba kwa urefu wote. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua. Pengo lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, na kisu cha pili nacho kimeguswa pale pale. Mtoto wa jirani alikuwa ameshafika na gunia lake.

"Anko, leo huwashi?"

"Subiri."

Nililegeza skrubu za kisu kimoja, nikakisogeza kulia milimita moja na nusu, nikakaza. Mapengo mawili hayako tena mstari mmoja: kilichoachwa na kisu hiki kinakatwa na kile. Niliwasha, nikapitisha ubao ule ule. Tuta limekwisha, uso kama kioo. Kazi ya dakika kumi, spana moja.

Wiki iliyofuata nilipita Keko, nikamkuta kijana wa mashine, yule yule, anapitisha mbao za vitanda zenye matuta mawili. Nikamweleza habari ya kusogeza kisu kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusukuma.

"Naijua hiyo, kaka," akasema. "Ila spana anakaa nayo tajiri."